Kupanda juu si kuingia obiti

Kampuni ndogo ya California, JP Aerospace ya John Powell, imeshikilia kwa miaka mingi wazo la kwenda anga za juu bila kishindo cha roketi. Puto la kwanza likupandishe hadi kilomita 40 hivi, ushukie kwenye kituo kinachoelea, kisha uingie puto la pili lenye urefu unaozidi kilomita moja na nusu, likaze mwendo kwa siku kadhaa mpaka lifike obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia bila kuanguka. Wazo hili likitajwa, hoja mbovu hutoka kwa mashabiki na kwa wanaolicheka pia.

"Heliamu ni nyepesi, puto litapaa tu mpaka litoke." Puto huelea kwa kuwa hewa inayolizunguka ni nzito kuliko lenyewe. Pwani, mita moja ya ujazo ya heliamu huinua karibu kilo moja. Kilomita 40 juu, ambako hewa imepungua uzito mara 300 hivi, ujazo uleule huinua gramu 3 au 4, na ngozi ya puto nayo ina uzito wake. Rekodi za maputo yasiyo na mtu zimeishia kilomita 53 na kitu.

"Maputo ya Loon yaliyoleta intaneti Kenya mwaka 2020 yalikuwa anga za juu." Yalielea karibu kilomita 20. Mpaka unaotajwa na wengi ni 100.

"Ukishafika juu, kazi imekwisha." Hili ndilo kosa kubwa. Obiti ni kasi. Kilo moja ikiinuliwa kilomita 40 hupata nishati ya megajuli 0.4 hivi, kuikimbiza kilomita 7.8 kwa sekunde kunadai 30. Puto limekulipia kama asilimia moja ya nauli. Alan Eustace alipojiachia kutoka kwenye puto mwaka 2014, kilomita 41 juu, alianguka kama jiwe, maana mvutano wa dunia kule umepungua kidogo mno. Waitaliano waliojenga San Marco, jukwaa la kurushia roketi karibu na Malindi, hawakufuata urefu hata kidogo. Jukwaa lenyewe limesimama baharini! Walifuata ikweta, ambako dunia ikizunguka hukusukuma bure karibu mita 460 kwa sekunde kuelekea mashariki. Setilaiti ya Uhuru iliondokea hapo tarehe 12 Desemba 1970.

"Basi puto halimfai kitu mrusha roketi." Linamfaa. Mwaka 1952 mwanafizikia James Van Allen alining'iniza roketi ndogo kwenye maputo karibu na Greenland, zikawaka zikiwa zimeshapita hewa nzito, na zikapanda mbali kuliko zingewashwa kwenye sitaha ya meli.

"Injini za ioni zitalisukuma polepole hadi lifike." Injini ya ioni husukuma kwa kurusha nyuma chembe zenye chaji ya umeme. Ile ya chombo cha Dawn cha NASA ilisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa karatasi moja. Penye ombwe, inatosha. Lakini kilomita 60 juu, kwa mwendo wa kilomita 1 tu kwa sekunde, hewa iliyobaki hukandamiza kila mita ya mraba ya uso wa chombo kwa kitu kama uzito wa kilo 15, na puto hili uso wake ni mpana. Powell hujibu kwamba chombo kitazidi kupanda kadiri kinavyokaza mwendo, na kwamba injini zake zitachanganya umeme na kemia. Mimi jibu hilo halijanishawishi. Alichokwisha kurusha ni Tandem, puto lisilo na mtu lenye rafadha, lililofika karibu kilomita 29 mwaka 2011. Kwa urefu, ni rekodi ya heshima. Kwa kasi, safari ya obiti bado haijaanza.