Sigara ya kwanza hainunuliwi

Wazazi wanaoniletea kijana wa miaka 15 au 16 huwa wana jibu tayari la kwa nini ameanza kuvuta sigara: makundi mabaya. Sibishani nao. Rafiki anayevuta ni kishawishi kikubwa kweli. Ila kazi hii ya ushauri wa afya kwa vijana hapa Mtwara imenizoesha kuuliza kwanza: sigara ya kwanza ulipewa na nani? Mara nyingi anayetajwa ni kaka, mjomba, au fundi anayemfundisha kazi. Wengine walianzia nyumbani kabisa. Baba anamtuma mtoto dukani, "niwashie kabisa uje nayo", mtoto anapiga pafu mbili tatu njiani isije ikazimika. Watu wanamwona, wanacheka.

Kisha kuna duka lenyewe. Pakiti iko wazi pembeni ya pipi, na kiberiti cha gesi kinaning'inia dirishani kwa kamba ili mteja awashe hapohapo. Sigara inauzwa moja moja, kwa hiyo chenji ya nauli inatosha. Tena anayenunua moja halioni onyo la afya, maana onyo liko kwenye pakiti na pakiti imebaki kwa muuzaji. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji wa namna hii kwa sababu unawarahisishia watoto. Sheria yetu ya mwaka 2003 nayo inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Muuzaji anayeuliza umri bado sijakutana naye.

Kazi za huku nazo zina sehemu yake. Vijana wanaopuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho alfajiri, majani yakiwa bado na umande, wananiambia sigara inakata ile harufu kooni. Haikati chochote, inaongeza moshi kwenye njia ya hewa ambayo salfa imeshaiwasha. Wavuvi wa usiku kule Mikindani wanasema inaleta joto. Ukweli ni kinyume: nikotini inabana mishipa ya damu ya ngozini, vidole vinazidi kupoa. Halafu inaingia hela ya korosho kuanzia Oktoba, na aliyekuwa akiombaomba kipisi anaanza kununua na kuwagawia wadogo zake.

Wapo wanaolitupia lawama jando. Mimi sikubaliani. Wengi wanatoka jandoni wadogo mno, wakiwa wamefundishwa heshima, na sigara inakuja miaka kadhaa baadaye. Shida iko katikati hapo: kijana kashaambiwa ni mwanaume, lakini hana kazi, hana shamba, hana mke. Sigara ndiyo alama ya ukubwa anayoimudu. Dada yake akivuta atasemwa mtaa mzima, yeye wanasema amekua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta watumiaji wa tumbaku ni asilimia 14.6 ya wanaume na asilimia 3.2 ya wanawake.

"Mimi si mvutaji, napiga moja tu jioni." Kauli hii naisikia sana. Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa hadi kwenye miaka 25 hivi. Dalili za utegemezi zinaweza kujitokeza hata kabla mtu hajafikia kuvuta kila siku. Ndiyo maana siulizi idadi, nauliza anakuwaje asipoipata: hasira, kutotulia, kukosa usingizi?

Anayetaka kuacha namwambia hamu huja kwa mawimbi ya dakika chache, na wiki ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Wa bodaboda namshauri asikae kijiweni baada ya chakula cha mchana kwa wiki hiyo. Wengi hunijibu kuwa abiria wako palepale, na wana haki. Siku hizi naenda mwenyewe kijiweni, naongea na wote kwa pamoja.