Spidi si kazi nzima: mfano wa Anderson

Juzi mzazi mmoja ameniambia, mbele ya mwanawe wa miaka kumi na tano, kwamba mrushaji mpira wa kasi katika kriketi ana miaka minane au tisa tu ya kazi, kwa hiyo kijana amwage spidi yote sasa kabla mwili haujachoka. Kauli hiyo nimeisikia kwa wazazi, kwa makocha wenzangu na kwa watangazaji wanaolipwa kuujua mchezo. Sasa naijibu kwa maandishi, maana wanaosema hivyo hawabebi gharama. Mgongo ni wa mtoto.

Mchukueni James Anderson wa Burnley, mrushaji wa kasi wa Uingereza. Testi yake ya kwanza, yaani mechi ya kimataifa ya siku tano, aliicheza uwanja wa Lord's, London, Mei 2003, dhidi ya Zimbabwe, akatoka na wiketi tano (wapigaji watano aliowatoa) katika iningi, yaani zamu ya kupiga, ya kwanza. Ya mwisho ilikuwa Lord's vilevile, Julai 2024, akikaribia kutimiza miaka 42. Kati ya hizo mbili kuna mechi 188 na wiketi 704. Waliomzidi kwa wiketi za Testi ni Muralitharan na Warne, na wote wawili walikuwa wa spini, warushaji wa polepole wanaozungusha mpira. Wiketi ya 300 aliipata Mei 2013, akiwa na miaka 30. Hesabu ni nyepesi: zaidi ya 400 zilikuja baada ya umri ambao watu wanauita mwisho wa mrushaji wa kasi.

Na spidi ilikuwa inashuka muda wote huo! Ujanani alivuka kilomita 140 kwa saa. Miaka ya mwisho alizunguka 130 hivi. Wapo vijana wa timu za kaunti za Uingereza waliokuwa na kasi kuliko yeye na hakuna aliyewajua.

Kazi aliifanya kwa kifundo cha mkono. Tazameni picha za mwendo wa polepole, msitazame stampu (vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji) zikiruka, tazameni mkono. Vidole viwili vimekaa pande mbili za mshono wa mpira, gumba liko chini, kifundo kimebaki nyuma ya mpira hadi unapoachia. Mpira unatoka ukizunguka kinyumenyume, mshono umesimama wima, hautikisiki. Mshono ukielekea slipi ya kwanza, mdakaji anayesimama nyuma ya mpigaji pembeni, na upande wenye mikwaruzo ukiwa kushoto kwa mrushaji, mpira unamkimbia mpigaji wa mkono wa kulia. Geuza pande, unamwingia. Mkimbio uleule, mkono uleule, na mpigaji hana cha kusoma. Hewa ndiyo inayofanya kazi hapo: upande mmoja inapita laini, upande wa pili inavurugika na kung'ang'ania mpira kwa muda mrefu zaidi. Ukirusha kwa kasi kupita kiasi, hewa inavurugika pande zote mbili na swingi ya kawaida, yaani kupinda kwa mpira hewani, inapungua. Kwa hiyo kijana mnayemwambia aongeze spidi ili mpira upinde mnampeleka kinyume.

Kisha kuna mshono unaoyumba. Anderson aliuchukua kwa kumtazama Mohammad Asif wa Pakistan mwaka 2010. Unaachanisha vidole kidogo tu, mpira unatoka mshono ukiyumbayumba, na ukigusa pichi (ardhi iliyo mbele ya mpigaji) unaweza kukata kushoto au kulia. Mrushaji mwenyewe hajui. Mpigaji atajulia wapi?

Wengine watasema: ah, huyo ni wa mawingu ya Uingereza. Hili linanichosha kuliko yote. Msimu wa 2010–11 huko Australia alichukua wiketi 24 kwenye Ashes, mfululizo wa Testi kati ya Uingereza na Australia, na Uingereza ikashinda mfululizo huo. Februari 2021 Chennai, kwenye joto na mpira uliokwisha chakaa, akiwa na miaka 38, aling'oa stampu za Wahindi Shubman Gill na Ajinkya Rahane ndani ya ova moja (mipira sita) kwa swingi ya kinyume, pale mpira uliochakaa unapopinda upande usio wa kawaida. Hakukuwa na wingu la kumsaidia. Tena mawingu yenyewe hayajaelezeka vizuri kama vitabu vya ukocha vinavyodai. Waliopima mipira maabara hawakuona unyevu ukiongeza swingi kwa kiasi cha maana. Wapo wanaodhani ni utulivu wa hewa jua linapojificha. Mimi nikiona wingu namwita mwenye swingi kwanza, na ushahidi wangu ni macho tu.

Turudi kwenye mgongo. Anderson akiachia mpira kichwa huinama, macho yakatazama ardhi. Makocha wakaogopa mtindo huo utamvunja, wakamrekebisha alipokuwa kijana. Mwaka 2006 mfupa wa mgongo ukapata ufa wa uchovu. Alipopona akarudi kwenye mtindo wake, akacheza Testi miaka mingine kumi na minane. Siwezi kuapa kwamba marekebisho ndiyo yaliyomwumiza, kwa sababu vijana wengi hupata ufa uleule bila kuguswa na kocha yeyote. Mguu wa mbele unapotua, ardhi inaurudishia nguvu ya mara kadhaa ya uzito wa mwili, na mifupa ya chini ya mgongo haijakomaa katika umri huo. Ninachokikagua mimi ni nyonga na mabega: nyonga zikitazama kule na mabega huku wakati mguu unatua, namsimamisha. Kichwa nakiacha.

Kuhusu mzigo wa kazi sitasema mengi. Baada ya Kombe la Dunia la 2015 Anderson hakucheza tena mechi za siku moja za kimataifa, na naamini hilo lilimwongezea miaka. Lakini Fred Trueman, mrushaji wa kasi wa Uingereza wa zamani, alicheza mechi 603 za daraja la kwanza (mechi za siku kadhaa), nyingi kwa kaunti ya Yorkshire, na bado akawa wa kwanza kufikisha wiketi 300 za Testi, mwaka 1964. Upande wa pili, kati ya warushaji wa kasi wa Uingereza, Simon Jones aliishia Testi 18, na Jofra Archer alikaa nje ya Testi tangu 2021 hadi Julai 2025 kwa sababu ya kiwiko na mgongo. Miili haifanani. Anayewauzia hesabu moja ya ova kwa kila kijana anawadanganya.

Hata waliomwondoa Anderson walikuwa na hoja. Walitaka kujenga timu ya Ashes ya 2025, na katika mechi ileile ya kumuaga, Gus Atkinson, aliyekuwa anaanza, alichukua wiketi 12. Anderson alichukua nne. Mwaka uliofuata alikuwa bado anarushia kaunti yake ya Lancashire, na mshono ulikuwa bado umesimama.