Krankshafti Inayong'aa Si Lazima Iwe Nzima

Kwa miaka mingi imeaminika gerejini kwamba krankshafti, yaani mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, ambayo shingo zake (sehemu za mviringo zinazozunguka ndani ya beringi) zinang'aa, na ukucha ukipitishwa juu yake haukwami, ni nzima na inafaa kurudishwa kwenye injini. Ukucha una kazi yake, kwani hugundua mikwaruzo. Lakini hauwezi kuhisi shingo iliyolika upande mmoja ikapoteza uduara wake, kasoro inayotokea hasa kwenye shingo za konrodi, yaani vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti, ambako msukumo wa pistoni huelemea upande uleule kila mara. Kipimo cha haki ni maikromita, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa: shingo hupimwa karibu na kila ncha, kisha hupimwa tena baada ya kugeuza kipimo nyuzi 90, na tofauti ya milimita 0.05 tu, ambayo jicho haliioni, katika injini nyingi za magari madogo huwa imevuka kikomo cha mtengenezaji. Hapo shingo huchongwa na kufungwa beringi nene zaidi.

Ufa ni hatari zaidi, maana mara nyingi huanzia kwenye kona ya shingo au kwenye tundu la oili. Krankshafti hutiwa sumaku na kunyunyiziwa unga wa chuma, nao hujipanga juu ya mstari wa ufa. Naomba sana kazi hiyo itangulie kuchonga, ili mwenye gari asilipie chuma kilichokwisha pasuka.