Ujasiri si ukali

Wapo Wakristo hapa Unguja wanaodhani kwamba kumshuhudia Kristo mbele ya sheha au mkuu wa wilaya ni lazima umkaripie, la sivyo umeogopa. Sivyo.

Msome Paulo katika Matendo 26. Amefungwa minyororo, yuko Kaisaria, mbele yake wamekaa Mfalme Agripa na liwali Festo. Anaanza kwa kusema anajiona ana heri kujitetea kwa Agripa, kwa kuwa mfalme anazijua desturi za Wayahudi. Festo anapaza sauti: Paulo, una wazimu! Jibu lake: "Mimi sina wazimu, Festo mtukufu." Mtukufu, kwa mtu aliyetoka kumwita mwendawazimu! Lakini habari ya ufufuo hakuipunguza hata kidogo, tena Paulo akamuuliza mfalme waziwazi kama anawaamini manabii. Heshima haikumziba mdomo.

Hata kwetu yametokea. Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Unguja, akaenda kwa Sayyid Said, sultani Mwislamu, akaeleza nia yake bila kuificha. Aliondoka na barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani.

Basi ukiitwa ofisini kwa sheha, piga hodi, toa shikamoo, ngoja uulizwe. Ukiulizwa unaamini nini, sema lote, na Yesu umtaje kwa jina. Dini ya mwenyeji wako usiiguse, hukuulizwa hiyo.