Lensi moja ya kupanda nayo Kitulo na kushuka nayo Matema

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza, kaka nataka kutembea huku Nyanda za Juu, ninunue lensi gani, na swali la pili karibu kwa kila mtu ni hilohilo: inavuta mpaka ngapi? Mimi nakwambia anza kuuliza inaanzia milimita ngapi, maana namba ikiwa ndogo lensi inaona eneo pana, ikiwa kubwa inavuta cha mbali. Kitu kikiwa mbali mara nyingi unasogea tu kwa miguu, ila kurudi nyuma huku milimani kuna sehemu hamna pa kurudi.

Chukua Ziwa Ngosi. Unapanda kutokea Isongole, msitu, mianzi, matope, unatokea juu kwenye ukingo, ziwa liko chini kabisa, mbele yako genge, nyuma yako miti, pale ulipo ndo hapohapo. Siku moja nilikuwa na rafiki yangu kafunga lensi ya 24-105 kwenye bodi ya kamera yenye sensa ndogo (sensa ni kile kibao cha ndani kinachopokea picha), hizi za bei ya kawaida ambazo wengi tunazo. Lensi nzuri sana ile, ila imetengenezwa kwa ajili ya fulu fremu, yaani kamera za sensa kubwa, kwenye sensa ndogo unazidisha 1.5, au 1.6 kama ni Canon, kwa hiyo 24 yake inaanza kuona kama 36 mpaka 38. Alipata kipande cha maji basi. Mimi na lensi inayoanzia 18 nilipata maji, ukingo wa ng'ambo na wingu linavyoshukia juu yake, na roho iliniuma kwa ajili yake maana amepanda njia ileile.

Kwa hiyo mwenye sensa ndogo atafute 18-135 ya Canon au 18-140 ya Nikon, zote ziko kwenye nusu kilo hivi, mwenye fulu fremu ndo achukue 24-105. Zile 18-300 nyingi ukivuta mpaka mwisho zinakuwa na giza na picha inalainika, mi sizipendi.

Na kwa nini lensi moja? Vumbi. Kiangazi kimoja nilisimama barabara ya Chimala kupanda Matamba, ile ya kona 57, nikabadilisha lensi pembeni ya barabara, bodi iko wazi na lori la viazi linapita. Kwenye skrini ya kamera sikuona kitu, nafika nyumbani nafungua kwenye kompyuta, vumbi limetua kwenye sensa, kila picha niliyobana tundu la lensi mpaka f/11 au f/16 (namba ya f ikiwa kubwa tundu ni dogo) ina doa la kijivu kwenye anga, palepale kona ya juu, safari nzima.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii kabisa ni lensi inafokasi karibu kiasi gani. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na imehifadhiwa kwa sababu ya maua hasa, sasa ukienda kipindi cha mvua unakuta okidi ndogo kama ukucha wa kidole gumba, imebeba tone la umande kwenye mdomo, unalala kifudifudi kwenye majani yaliyolowa na lensi inakataa kushika. Ile 18-135 mpya inashika kwenye sentimita 39, 18-140 kwenye 45, na hizo zinapimwa kuanzia kwenye sensa, sio mbele ya kioo, kwa hiyo unasogea karibu kuliko unavyodhani.

Udhaifu wa lensi hizi ni mwanga, ukivuta tundu halifunguki zaidi ya f/5.6. Staibilaiza inatuliza mkono wako, mtoto anayekimbia jioni kule ufukweni Matema, Ziwa Nyasa, haimtulizi. Mimi natia mfukoni 50mm ya f/1.8, nyepesi, inapitisha mwanga mara 9 na zaidi ya ile f/5.6.

Ruaha ni habari nyingine, kule simba na ndege wanataka 300 kwenda juu, kodi au azima.

Ukinunua ya mkononi, washa tochi ya simu uimulike kutokea nyuma, utafute nyuzinyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, yaani fangasi, na lensi zilizokaa sehemu za joto na unyevu kama Kyela zikague mara mbili. Halafu inamishe chini uone kama inarefuka yenyewe, maana hiyo ikining'inia shingoni njia nzima ya Ngosi itakuwa inashuka tu, na kila ukitaka kupiga unaanza kuirudisha.