Kwa nini roho inakuwa juu wakati mwisho unaujua?

Je, wajua mtu anaweza kuangalia mchezo ambao mwisho wake anaujua toka nyumbani na bado akakaa roho juu? Swali kanitupia mpwa wangu juzi hapa Mtwara, yuko kidato cha nne, tumekaa nje tunabangua korosho, akaniambia mjomba hii tamthilia ya Kinjeketile mbona haina suspensi, si kila mtu anajua Mjerumani atashinda.

Nikamwambia hapo umechanganya vitu viwili. Taharuki, hiyo suspensi yako, ni pale wewe mwenyewe hujui kitatokea nini. Kinaya cha kitamthilia ni kinyume chake, wewe uliyekaa kwenye benchi unajua, aliyeko jukwaani ndo hajui.

Angalia Ebrahim Hussein alivyofanya, na huyu ni mtu wa Lindi hapo tu, kazaliwa 1943. Tamthilia yake ilitoka 1969, Vita vya Majimaji, vile watu walipigana na Mjerumani wakiamini maji ya Kinjeketile yatageuza risasi kuwa maji, vilikuwa 1905 mpaka 1907, kwa hiyo anayefungua kitabu tayari anajua risasi hazikugeuka maji. Basi mtu akisema pale jukwaani maji yatatulinda, wenzake wanasikia ushindi, wewe unasikia msiba, maneno ni yale yale. Unatamani umwite oya rudi! Halafu inakuja kunoga zaidi pale Kinjeketile mwenyewe anaposhtuka na kujaribu kuwazuia wasikimbilie vita, watu wameshapandisha hawashikiki, sasa mnaojua mko wawili, wewe na yeye. Na yeye anavutana na moyo wake mwenyewe, huo ndo mgogoro wa nafsi, na kwenye mtihani usiishie kuandika "kuna mgogoro" ukaondoka.

Wagiriki wa kale walikuwa hivyo hivyo, hadithi ya Oedipus, mfalme aliyemuua baba yake bila kujua, waliijua kabla hawajafika uwanjani, na hiyo ni tanzia, yaani mchezo unaomwangusha mtu mkubwa. Ramsa ndo ile ya kuchekesha, na yenyewe inakula kwenye kinaya hiki hiki.

Sasa siri inakufikiaje? Mara mhusika anabaki peke yake anaongea na moyo wake, huo ni uzungumzi nafsi. Mara inapita kwenye maelekezo ya jukwaani, yale maneno ya kwenye mabano ambayo wanafunzi wanayaruka kama matangazo. Nimetunga hapa:

(Mke anaficha barua chini ya mkeka. Mume anaingia, anakaa juu ya mkeka.)
MUME: Nyumba yangu mimi haina siri bwana.

Toa mabano uone, linabaki jibaba linajisifu tu.

Mpwa akanyamaza kidogo akasema kumbe kama mapiko. Nikashangaa, sikuwa nimewaza hivyo! Kwenye ngoma yetu ya Kimakonde aliyevaa kinyago anahesabika ni mzimu, na zamani wanawake na watoto ambao hawajaenda jando hawakutakiwa kujua kwamba ndani mna mtu. Wanaume wanajua, wengine wanakimbia, yaani kinaya chenyewe kinatembea uwanjani.

Ila nikamwambia hapo kuna kasoro. Marehemu bibi nilimuuliza siku moja kama kweli alikuwa hajui aliyekuwa ndani ya lile vazi, akacheka mpaka akakohoa, akaniambia mwendo wa babu yako nisiujue mimi? Nilikuwa nakimbia tu, ngoma inoge.