Je, wajua kwa nini cheti cha kuzaliwa hakikufanyi Mtanzania?

Tuseme usiku mmoja, katika wodi ya wazazi pale Maweni, hospitali ya mkoa wa Kigoma, wamezaliwa watoto wawili. Mama wa kwanza ni wa Ujiji, anauza migebuka sokoni. Wa pili ni Mkongomani wa Kalemie, kama mumewe. Alivuka ziwa na marobota yake ya vitenge, uchungu ukamshikia huku. Wakiruhusiwa, kila mmoja anatoka na tangazo la kizazi mkononi, na kwa tangazo hilo anaweza kumchukulia mwanawe cheti cha kuzaliwa. Hospitali ileile, tarehe ileile. Lakini mtoto mmoja ni Mtanzania, mwingine siye.

Inakuwaje?

Cheti cha kuzaliwa ni shahidi wa tukio tu. Kinasema fulani kazaliwa hapa, siku hii, baba yake huyu, mama yake huyu. Kila kizazi kinachotokea nchini hupaswa kusajiliwa, kiwe cha mwenyeji, cha mgeni au cha mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu. Uraia ni habari nyingine: ni fungamano la mtu na dola, na kwetu linaongozwa na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. (Neno "raia" lina asili ya Kiarabu, ambako lilihusu kundi la mifugo lenye mchungaji wake. Mwalimu wako wa somo la Uraia huenda asifurahie kuitwa kondoo, lakini asili ndiyo hiyo.)

Ukiisoma sheria hiyo harakaharaka utadhani kila aliyezaliwa nchini tangu Muungano, 26 Aprili 1964, ni raia, ukiondoa watoto wa mabalozi na wachache wengine. Kiutendaji sivyo. Kinachotazamwa ni kama baba au mama alikuwa raia siku ile mtoto alipozaliwa. Ndiyo maana huku mpakani ukienda kuomba kitambulisho cha taifa, maswali yanaweza kukuruka wewe yakatua kwa wazazi, yakafika hadi kwa bibi na babu. Inachosha, na kwa wengine inauma, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana na kuna koo zilizokaa pande zote mbili. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Kigoma na Urundi zote zilikuwa chini ya Mjerumani. Baada ya vita Mwingereza akachukua huku, Mbelgiji akachukua kule, na wenye koo hawakuulizwa.

Mfano mkubwa uko Ulyankulu, mkoani Tabora. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi hapo, na pia Katumba na Mishamo. Wakalima, wakazaa, watoto wakasoma shule za huko na kuongea Kiswahili kama mimi na wewe. Hata hivyo watoto hao, waliozaliwa katika ardhi ya Tanzania, waliendelea kuhesabiwa kuwa wakimbizi wa Burundi. Ilibidi wasubiri mpaka Oktoba 2014, zaidi ya miaka 40, ndipo wao na wazee wao, jumla yao zaidi ya 160,000, walipoanza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa tajnisi, yaani uraia ambao mgeni huuomba na kupewa.

Kuna pia uraia wa kurithi. Mtoto wa Mtanzania akizaliwa Bujumbura ni Mtanzania kwa kurithi. Ila yeye naye akija kuzaa nje ya nchi, hana cha kumrithisha mwanawe. Urithi huo huishia kizazi kimoja. Na raia wa kurithi au wa tajnisi hawezi kugombea urais, kwa kuwa Katiba inataka raia wa kuzaliwa.

Turudi kwa yule mtoto wa Kalemie. Akikulia Kigoma, akifika miaka 18 anaweza kuomba tajnisi. Ataonyesha kwamba ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kabla ya hiyo miaka isiyopungua saba ndani ya kumi. Awe na tabia njema, akubali kuuacha uraia wa Kongo, kisha asubiri uamuzi wa waziri. Atatakiwa pia ajue Kiswahili au Kiingereza. Kiswahili hakitamsumbua, mama yake alikuja nacho kutoka ng'ambo ya ziwa.